Jiwe la Mizani la Tabora

Kwetu Tanga chuma hakizeeki, kinaliwa. Upepo wa bahari hubeba chumvi mpaka ndani ya makabati, na spana iliyosahauliwa uani usiku mmoja huamka na kutu. Marehemu baba alikuwa fundi wa pikipiki pale Ngamiani, na kila jioni alifuta vifaa vyake kwa oili kabla hajanawa mikono yake mwenyewe. Nilikua nikidhani chuma kilichokaribia miaka mia ni cha kusimuliwa tu. Nimerudi kutoka Tabora, na huko nimekishika kimoja mkononi.

Safari yenyewe ilikuwa ya kufuata nyayo za babu. Alitoka Unyanyembe, upande wa Tabora, akiwa kijana kuja kukata mkonge Tanga, kama walivyokuja Wanyamwezi wengi enzi za manamba, na hakurudi tena. Alituachia maneno mawili: mwangaluka, salamu ya asubuhi, na matobolwa, jina la chakula ambacho hakuna jirani yetu aliyewahi kukiona. Baba alikuwa akiyatamka maneno hayo kama mtu aliyerithi funguo asijue mlango uko wapi.

Nilipanda treni ya Reli ya Kati. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kwa sehemu kubwa inafuata njia ya misafara ya zamani. Ukishapita Manyoni, miiba ya Ugogo inaipisha miombo, na kwa saa nyingi dirishani ni shina baada ya shina. Niliwafikiria wapagazi waliopita hapo na mzigo wa kilo 30 hivi begani, pembe za ndovu kwenda pwani, nguo na shanga kurudi bara. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni kama kilomita 1,200, safari ya miezi mitatu au minne kwa waliojaliwa. Mzigo ulibebwa na binadamu kwa sababu ng'ombe, farasi na punda waliuawa na mbung'o, ambao huku huitwa ndorobo. Kwa Wanyamwezi upagazi ulikuwa kazi ya heshima, na kijana aliyekuwa hajaiona pwani alihesabiwa hajakomaa. Wengine waliipita njia hiyo hiyo wamefungwa minyororo, na hao hawakuwa na mahali pa kuutua mzigo wao.

Tabora ni mji wa miembe. Ipo barabarani, ipo nyuma ya nyumba, mikubwa kiasi kwamba soko dogo linaweza kukaa chini ya mmoja. Hewa ni kavu, inakausha midomo na nguo kwa mara moja. Nilishangaa kuona milango ya bati ya zamani haina hata doa la kutu. Huko kwetu tungekuwa tumeshaibadilisha mara tatu.

Mwenyeji wangu alinipeleka mtaa wa Ng'ambo kwa mzee mmoja muuza asali na nta. Nikamwamkia, "Shikamoo, Babu." Akaitikia "Marahaba, mjukuu wangu," akanikaribisha kwenye kigoda na kunionjesha asali tatu tofauti, moja nyepesi rangi ya chai ya rangi, moja nyekundu, na moja nyeusi yenye uchungu kidogo mwishoni unaobaki kooni. Kila moja, alisema, ni miti yake na mwezi wake. Sisi wa pwani tunaijua asali kwa neno moja tu. Yeye anaijua kama sisi tunavyowajua samaki.

Mkewe alileta chai na sahani ya vipande vya kahawia vilivyokunjamana kama ngozi. "Matobolwa," nikasema kabla sijaambiwa. Viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu. Unavitafuna polepole pamoja na karanga, na utamu unakuja kwa kuchelewa. Sikuwahi kuvila, ila jina nililijua tangu utoto. Mzee akaweka kikombe chini. "Mtoto wa Tanga, nani alikufundisha neno hilo?" Nikamweleza habari za babu. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi hukuja ugenini."

Nadhani ndiyo sababu alinionyesha jiwe lake. Mizani yake ilikuwa ya zamani, ya mkono na sahani mbili za shaba, na kando yake yalipangwa mawe ya chuma yenye namba. Mwishoni palikuwa na moja lisilofanana na mengine. Lilikuwa la chuma cha kutupwa, pana kama kiganja cha mtoto, urefu wa kidole gumba. Sehemu ya chini ilizungukwa na tredi nyembamba, juu yake yalifuata mapezi manne yaliyopangana kama sahani, na juu kabisa kichwa cha pembe sita cha kushikwa na spana. Katikati palijaa risasi.

"Hili ni robo kilo ya baba yangu," alisema. "Alilikuta limepungua, akayeyusha risasi akajaza mpaka likalingana. Limepima nta ya watu wengi sana. Lakini lenyewe hakuna aliyewahi kulipima." Hakujua lilikuwa nini kabla ya kuwa jiwe. Nilipoligeuza, upande wa chini ulikuwa mweusi. Nilikwangua kwa ukucha, nikaona si rangi, ni masizi yaliyoshindiliwa na moto mpaka yakawa sehemu ya chuma. Nikamkumbuka baba na msemo wake wa gereji: penye mapezi pana joto la kutolewa.

Mzee alinikabidhi jiwe, akamtuma mjukuu wake anifuate hadi kwa fundi mmoja karibu na stendi, mtu mwenye baiskeli upande wa kushoto wa banda na bodaboda upande wa kulia. Fundi aliligeuzageuza. Kwanza alisema ni mfuniko wa tangi la mafuta, lakini tangi halihitaji mapezi. Akasema labda ni la karabai, lakini karabai ni ya bati jembamba na hiki ni chuma kizito. Kisha akasema ni la reli, na hapo macho yake yakang'aa, kwa kuwa Tabora ina fahari ya zamani ya karakana. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na vita na fedha haziingii kutoka Ulaya, sarafu ziligongwa hapa hapa katika karakana ya reli: za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya ndovu, na za heller kwa shaba ya maganda ya risasi. "Mji huu ulitengeneza pesa kwa mashine za treni," fundi alisema. Lakini mashine ya mvuke ya treni haiungui ndani ya silinda, na masizi yale yalitoka ndani. Akanirudishia jiwe. "Kitu kikikosa mwenzake, kaka, hata fundi anakuwa mgeni mbele yake."

Jiwe tulilirudisha kwa mzee, maneno hayo niliondoka nayo. Siku iliyofuata nilikwenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi kutoka pwani, baada ya Stanley kumwacha hapo na kurudi. Ni nyumba ya udongo iliyozunguka ua, paa bapa, na mlango wa kuchongwa ambao ungeuweka Pangani au Bagamoyo usingeuliza umetoka wapi. Nilisimama mbele ya mlango ule muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya barua na ramani zilizomo ndani. Fundi aliyeuchonga alijua mkono wa pwani, na mkono huo ulifika kwa miguu.

Kisha nikaendelea magharibi. Urambo, mji uliobeba jina la Mtemi Mirambo aliyefariki mwaka 1884, sasa ni nchi ya tumbaku, na mabani ya kukaushia yanatoa harufu tamu na nzito. Kigoma nilikula migebuka kwa ugali wa muhogo, nikatembea Ujiji chini ya miembe ya misafara. Huko niliwaza juu ya maneno tuliyoachiwa na njia hii. Hongo ilikuwa ushuru ambao msafara ulimlipa mtemi ili upite nchini mwake. Leo ni rushwa. Posho ilikuwa chakula cha siku cha mpagazi. Leo ni fedha za kikao. Watemi na misafara wameondoka, maneno yamebaki mdomoni mwetu yakifanya kazi nyingine, kama chuma cha injini kilichogeuka jiwe la mizani.

Na Kigoma ndiyo bandari ya Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kuvutwa kwa reli hadi ziwani kuunganishwa upya. Julai 1916, adui alipokaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Mafundi waliopewa kazi hiyo walizipaka mashine zake grisi nene kwanza. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina jipya, mashine zikiwa nzima. Nilitazama ziwa nikimfikiria fundi aliyeamriwa kuua meli, akaipaka dawa kwanza.

Jibu la jiwe nililipata msituni, wakati wa kurudi. Ndugu wa mwenyeji wangu anafuga nyuki nje ya Urambo. Mizinga yake mingine ni ya kisasa, masanduku ya mbao, lakini bado ana ya magogo, na jioni moja aliteremsha mmoja uliokuwa umetundikwa juu ya mti. Alipuliza moshi, akaondoa kifuniko cha duara kilichoziba ncha ya gogo, akaingiza mkono na kukata masega, akiacha yale yenye watoto wa nyuki kule nyuma. Alipomaliza akakirudisha kifuniko mahali pake.

"Kwa nini hulipasui gogo ukaona vizuri ndani?" nilimuuliza.

"Nikilipasua litavuja daima. Gogo ni moja. Unaingia kwa mlango wake."

Nilisimama nikiwa na asali vidoleni, nikaiona injini. Pikipiki za leo, ukitaka kufikia vali, unafungua bolti na kuinua silinda hedi. Lakini baba aliwahi kunieleza injini za zamani sana, zile ambazo silinda na hedi yake zilitupwa kwa pamoja, chuma kimoja kilichozibwa juu kama kinu kilichofudikizwa. Kuunga vipande viwili bila moto kuvuja katikati yao kulikuwa kazi ngumu, kwa hiyo watengenezaji wengi walikwepa kiungo hicho. Vali zilisimama kando ya pistoni, na zilipaswa kutolewa mara kwa mara kusagwa. Kwa hiyo juu ya kila vali waliacha tundu, wakalifunga kwa kifuniko cha kukaza chenye tredi. Kifuniko hicho kilikaa juu ya moto wenyewe, ndiyo maana kikapewa mapezi na ndiyo maana chini kina masizi. Mara nyingi plagi ilipita katikati ya kimojawapo. Lile tundu lililojaa risasi lilikuwa kiti cha plagi.

Nilirudi Tabora nikiwa na haraka ambayo sijawa nayo kwa miaka. Mjukuu wa mzee akalileta jiwe tena. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akalichukua na kuliweka mwangani. Kwenye ukingo wa chini risasi ilikuwa imejitenga kidogo na chuma, na sasa tulijua la kutafuta: tredi ya pili, ya ndani. Tundu lilikuwa la milimita 18, kipimo cha plagi kilichoenezwa na De Dion-Bouton wa Ufaransa tangu siku za mwanzo za injini za petroli. Alichukua plagi ya bodaboda akaiweka kando yake. Ilikuwa nyembamba mno, ingecheza humo ndani.

"Sasa tulijue kabila lake," akasema.

Hakuwa na kipimio cha tredi, kile chenye majani ya chuma yenye meno kama msumeno. Akatumia alichonacho. Alifungua kwenye bodaboda bolti moja ndogo, ile ya spana namba 10, ambayo kila jino lake liko milimita moja kutoka kwa jirani yake. Akailaza juu ya tredi ya nje ya jiwe, meno kwa meno, akainua vyote viwili kwenye jua. Mwanzoni yalikubaliana. Kufika jino la sita au la saba, mwanga ukaanza kupenya, na mwishoni meno yalikuwa yanapandana. Akaiweka chini bila neno. Upande wa kushoto wa banda akatoa ekseli ya gurudumu la mbele la baiskeli, ya Phoenix, nyeusi kwa grisi. Akaifuta kwenye suruali, akailaza. Meno yalishikana kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na hata uzi wa mwanga.

Ekseli ile ina meno 26 kwa kila inchi. Ndicho kipimo cha baiskeli za Uingereza tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ambacho baiskeli za India na China zilikirithi na kukileta mpaka kwetu. Tofauti yake na milimita ni ndogo mno kwa jicho, mpaka meno yawe mengi ndipo inajidhihirisha. Pikipiki ya Kijerumani ingefuata milimita. Za Uingereza zilizaliwa katika viwanda vya baiskeli: Triumph wa Coventry walitengeneza baiskeli kabla ya pikipiki yao ya kwanza ya mwaka 1902, na BSA wa Birmingham vivyo hivyo, yao ya kwanza ikatoka 1910. Wafanyakazi walihamia kwenye injini na zana zile zile za kukatia tredi. Kufikia miaka ya 1930 hedi za kufunguka zilikuwa zimeenea, na vifuniko kama hiki vikaanza kutoweka. Kwa ekseli kuukuu na mwanga wa jua tulikuwa tumepata nchi na zama zake.

Zama hizo Tabora inazikumbuka. Jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliingia mjini tarehe 19 Septemba 1916, na upande wa mashariki jeshi la Jenerali Smuts lilikuwa na hata kikosi cha waendesha pikipiki kutoka Afrika Kusini. Baada ya vita ukaja utawala wa Waingereza, na pikipiki zao zikaingia katika nchi ambayo mbung'o walikuwa wameinyima farasi. Gurudumu lenye injini halikuogopa ndorobo. Mpagazi akatua mzigo. Miaka michache baadaye kijana wa Unyanyembe aliyetaka kuiona pwani hakwenda na pembe ya ndovu begani. Alikwenda na namba ya kibarua, kukata mkonge, kama babu yangu.

Tulirudi kwa mzee sote watatu. Fundi alimweleza, akichora kwenye mchanga silinda, pistoni na zile vali mbili kando. Mzee alilishika jiwe kwa namna ambayo hakulishika mwanzoni, akipitisha kidole kwenye masizi.

"Kwa hiyo lilikuwa mlango wa moto."

"Ndiyo, Babu. Kifuniko cha vali."

Fundi alimwomba ruhusa ya kuyeyusha risasi, tuione tredi ya plagi yote. Mzee alitikisa kichwa. "Mkiitoa, nyinyi mtakuwa mmepata kipande cha pikipiki. Mimi nitakuwa nimepoteza robo kilo ya baba yangu." Wala hatukubishana naye. Kazi ya kwanza ya chuma kile haikuzidi miaka michache. Ya pili imekula karibu umri wa mtu.

Nilipoaga alisimamisha mizani. Upande mmoja aliweka kifuniko cha vali, upande wa pili akaongeza nta kipande kwa kipande, ya manjano, yenye harufu ya moshi na maua, mpaka sahani mbili zikatulia. Kisha, ili nisafiri bila shaka moyoni, akaliondoa jiwe lake na kuweka robo kilo yenye namba. Mkono wa mizani haukutikisika. Mkewe akafunga nta kwenye gazeti, na kando akanifungia matobolwa.

Sasa niko Tanga, na upepo wa kaskazi unavuma. Sanduku la baba lilikuwa uvunguni mwa kitanda changu tangu azikwe, na sikuwa na moyo wa kulifungua kwa kuogopa nitakachokikuta. Jana nililifungua. Kutu ilikuwa imeanza kwenye ncha za spana, lakini haijaingia ndani. Nimezisugua moja moja, nikayeyusha nta ya Tabora kwa mafuta kidogo, nikazipaka kama yule fundi wa Kigoma alivyoipaka meli yake. Nta haikupungua hata nusu.